Tunu ya Fumbo

Zawadi ni kitu gani? Wengi wakiulizwa swali hili hujibu upesi kwamba zawadi ni kitu kinachomwondolea mpewaji shida au kumwongezea raha: kanga kwa mama, msuli kwa baba, peremende kwa mtoto. Kwa maana hiyo zawadi hupunguza uzito wa maisha. Lakini iko zawadi ya namna ya pili, ambayo haipunguzi uzito bali huuongeza. Mtu humpa mwenzake taabu ya akili. Mwenzake huipokea kwa furaha, hukesha nayo, na asubuhi humshukuru aliyempa. Zawadi hiyo ni fumbo. Katika makala haya twataka kuuliza kama ni halali kuiita taabu kuwa ni zawadi. Na ikiwa ni halali, mpaji wake ana wajibu gani na mpewaji ana haki gani.

Swali hili si la kujifurahisha tu. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa mojawapo ya masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi kabisa katika shule zetu za sekondari. Kijana huingia darasani akiwa amekwisha kuambiwa na wakubwa zake kwamba namba ni adui, na kwamba aziwezaye ni mtu wa ajabu. Hali hiyo inatupasa tujiulize kama kosa liko katika namba zenyewe au katika namna tunavyozitoa. Kwani kijana huyohuyo, arudipo nyumbani jioni, huchuchumaa kando ya wazee barazani na kuzihesabu kete kwa macho, pasi na kidole wala karatasi, na wala haoni kwamba amefanya jambo gumu.

Tuchukue mfano wa nchi ya Rufiji. Mto mkuu huo, ukaribiapo Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi na kufanya delta yenye msitu wa mikoko uenezao hekta zaidi ya 50,000. Sehemu hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Watu wa huko, Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa na wenzao, wameishi kwa kilimo cha mpunga, uvuvi, ukataji wa miti ya mikoko na ususi wa mikeka. Katika kazi hizo zote kuna hesabu, na katika mapumziko yao kuna michezo ya hesabu. Hatudai kwamba mambo hayo ni ya Rufiji peke yake. Mengi ni ya pwani nzima, na mengine ni ya Afrika nzima. Lakini mtu huanza kuhesabu kwa vidole vyake mwenyewe.

Tuanze na kitendawili, ambacho ndicho fumbo la kwanza apewalo mtoto wetu. Mtambaji husema, "Kitendawili!" Wasikilizaji huitikia, "Tega!" Neno hili linahitaji kutazamwa vizuri. Kutega ni kazi ya mwindaji. Hutega mtego ili kumnasa mnyama. Nalo fumbo hutegwa, na alijibuye huwa ametegua kama ateguaye mtego. Kwa hiyo lugha yetu inakiri wazi kwamba fumbo na mtego ni ndugu. Vyote viwili huficha kitu, na vyote viwili humzuia apitaye. Tofauti yao iko wapi? Tofauti yao ni hilo neno "Tega!" lenyewe. Mnyama hakuulizwa. Msikilizaji wa kitendawili ameulizwa, naye ameitikia kwa kinywa chake kwamba yu tayari. Hiari hiyo ndiyo inayoutenga mtego na tunu.

Tena wahenga hawakuishia hapo. Wasikilizaji wakishindwa, mtambaji haondoki na siri yake, wala hawacheki. Husema, "Nipeni mji." Nao humpa mji: "Twakupa Utete," au "Twakupa Kilwa." Mtambaji akiukataa, hupewa mwingine, akiukubali, husimulia jinsi alivyofika katika mji ule, alivyopokewa na alivyokirimiwa, kisha hulitoa jibu. Tazameni hekima iliyomo. Aliyeshindwa hakuadhibiwa kwa kutokujua. Amelipa, na malipo yake ni makubwa, mji mzima, ingawa hayamtoi hata senti moja. Aliyelipwa naye hana budi kutimiza deni lake, yaani kulisema jibu mbele ya wote. Zawadi zimepishana njiani: fumbo limekwenda huku, mji umekwenda kule, jibu limekuja huku tena, na mwisho wa jioni kila mtu ana kitu ambacho hakuwa nacho.

Kuna methali isemayo, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Wengine huitumia methali hii kana kwamba fumbo ni chombo cha kuwatenga wajinga na werevu, kama chekeche linalotenga pumba na unga. Sisi twaona kwamba desturi ya kutoa mji inaisahihisha tafsiri hiyo. Barazani hapakuwa na mjinga wa kudumu. Aliyeshindwa leo amelichukua jibu, na kesho ndiye atakayelitega katika baraza nyingine. Fumbo lililotolewa kwa adabu halitengi watu. Huwasogeza wote hatua moja mbele.

Sasa tuje kwenye bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64, ambazo aghalabu ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu za mmea uotao kando ya pwani. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mwanzoni hutia kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, zilizobaki, 22, hukaa akibani. Hatua ya kwanza, ambayo kete za akiba huingizwa moja moja, huitwa namua. Zikiisha huingia hatua ya mtaji. Mtoto au mgeni huanzishiwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, nazo mbili mara 32 ndizo zile 64.

Mwenye kupenda hesabu ataona hapa bustani isiyokwisha matunda. Kwa kuwa upande wa mchezaji una mashimo 16, mtu akichota kete 16 katika shimo moja na kuzitia moja moja katika mashimo yanayofuata, kete ya mwisho huangukia palepale alipochota. Akichota 17, hupita shimo moja tu mbele. Akichota 20, hupita manne. Hesabu hii ya kutupa duara na kubaki na salio ndiyo hesabu ya saa ya ukutani, ambayo mshale hurejea mahali pake baada ya saa 12. Fundi wa bao huifanya akilini kwa mashimo mengi, tena kwa kete zinazobadilika kila zikiliwa, kabla mkono wake haujagusa ubao. Mwaka 1995 mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya akili ya mafundi wa bao, baada ya kuwachunguza mabingwa wa Zanzibar. Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao, wala hakuna awezaye kumwita mvivu.

Hapa twasikia sauti ya kutupinga, nayo ni sauti ya haki inayostahili kujibiwa. Watasema: "Nchi maskini haina wakati wa michezo. Wanaume wangapi wamekaa na bao tangu asubuhi hali wake zao wako mashambani wakifukuza ndege katika mpunga?" Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilitungwa kwa kuwa Taifa liliona kwamba kila mwenye nguvu anapaswa kufanya kazi. Hatuwezi kulikana hilo. Mtu anayeikimbia kazi na kujificha nyuma ya bao ni mnyonyaji, nao unyonyaji hautakasiki kwa kuwa umefanywa kwa akili nyingi. Lakini kosa la mtu huyo ni la wakati na la haki za mkewe. Si kosa la bao. Chumvi ikizidi mchuzi huharibika, wala hatusemi kwamba chumvi ni sumu. Mchezo una saa yake, baada ya jembe, na katika saa hiyo hauibi kazi.

Sauti ya pili itasema kwamba michezo huzaa kamari. Nalo ni neno la kweli, maana kete zilezile zaweza kuchezewa fedha. Lakini tuzipime kamari na fumbo katika mizani moja. Katika kamari mshindi huchukua mali ya mshindwa, na mshindwa hurudi nyumbani na mikono mitupu. Katika fumbo mshindwa ndiye apataye zaidi, kwa kuwa hurudi na jibu ambalo mshindi alikuwa nalo tangu zamani. Tena kamari humfundisha mtu kuitegemea bahati, na fumbo humfundisha kuitegemea akili yake. Vitu viwili vyenye tabia zilizopingana hivyo haviwezi kuwa kitu kimoja, hata vikikaa juu ya ubao mmoja.

Wala tusidhani kwamba fumbo ni la wanaume wa barazani pekee. Mikeka ya ukindu ya Rufiji ni kazi ya wanawake. Ukindu huchanwa kuwa chane nyembamba, nyingine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Tuseme msusi anataka ua moja lirudi kila baada ya chane 4, na ua la pili kila baada ya chane 6. Maua hayo yatakutana chane ya 12, na tena ya 24. Mwanafunzi wa shule ya msingi huliita jambo hilo kigawe kidogo cha shirika, nalo humtoa jasho. Msusi huliona kwa jicho, na asipoliona mkeka wake hukosa ulinganifu, na mnunuzi hupita njia. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha kwa miaka mingi katika nchi jirani ya Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika vitabu vingi kuonyesha hisabati iliyofichika katika ususi wa namna hii. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wetu hulalia mkeka wenye somo, kisha wakaenda shuleni kuliogopa somo hilohilo.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Wako watu ambao, kwa mapenzi ya utamaduni wetu, husema kwamba fundi wa bao ni mwanahisabati tayari na kwamba shule haina la kumwongezea. Hatukubaliani nao. Kujua kutenda ni jambo moja, na kujua sababu ni jambo jingine. Hebu tulionyeshe jambo hili kwa mfano, ambao mwalimu yeyote anaweza kuufanya mchangani bila gharama.

Chimba mashimo tisa, matatu kwa matatu. Chukua komwe 45. Mwambie mwanafunzi atie katika shimo moja kete 1, jingine 2, jingine 3, hadi 9, kwa mpango ambao kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama, na kila mstari wa kukingama kutoka pembe hadi pembe, uwe na jumla moja. Fumbo hili ni la kale na limezunguka dunia. Wachina walilijua, Waarabu waliliandika, katika pwani yetu mraba wa namna hiyo umeandikwa hata katika hirizi, na Muhammad ibn Muhammad, mwanachuoni wa Katsina katika Nigeria ya leo, aliyefariki Cairo mwaka 1741, aliandika kitabu kwa Kiarabu juu ya miraba ya jamii hiyo. Mtoto mwenye subira atahamisha kete huku na huku, na baada ya saa moja au mbili huenda akaupata mpango huo. Atafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Lakini hapo ndipo mwalimu anapaswa kuitoa zawadi ya pili: "Kwa nini katika shimo la kati umeweka kete 5? Je, isingewezekana 4, au 6?" Kuhamisha kete hakutoshi tena, sasa inatakiwa hoja. Kete zote ni 45, nazo zimegawanyika katika safu tatu zilizo sawa. Basi kila mstari ni 15. Mistari inayopita katika shimo la kati ni minne: wa kulala, wa kusimama, na miwili ya kukingama. Jumla ya mistari hiyo minne ni 60. Katika hesabu hiyo kila shimo limehesabiwa mara moja, isipokuwa shimo la kati, lililohesabiwa mara nne, yaani mara tatu zaidi. Ziada ya 60 juu ya 45 ni 15. Basi shimo la kati mara tatu ni 15, nalo halina budi kuwa na kete 5, leo na kesho, hapa Kibiti na huko China. Aliyefika hapo ameona jambo ambalo hata mfalme hawezi kulibadilisha kwa amri. Hiyo ndiyo tunu ya shule. Baraza humpa mtoto mapenzi ya namba. Shule humpa sababu zake. Mapenzi bila sababu hubaki mazoea, na sababu bila mapenzi huwa adhabu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliilaumu shule iliyojitenga na jamii yake. Sisi twaongeza kwamba jamii iliyojitenga na shule nayo ina upungufu wake.

Tumesema kwamba mpaji wa fumbo ana wajibu. Wajibu wake twauona kuwa wa namna tatu.

Kwanza, alipime fumbo kwa kadiri ya mpewaji. Liko fumbo linalosimuliwa katika nchi nyingi za Afrika, na linalopatikana pia katika mkusanyo wa mafumbo ya Kilatini unaodhaniwa kuwa wa Alcuin, mwanachuoni wa Uingereza aliyefariki mwaka 804. Mtu anataka kuvuka mto akiwa na chui, mbuzi na bunda la majani. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Ikiwa mtumbwi wake unachukua kitu kimoja tu pamoja naye, atavuka mara saba, tena itambidi kufanya jambo lisilopendeza, yaani kumrudisha mbuzi alikotoka. Lakini ikiwa mtumbwi unachukua vitu viwili, mara tatu zatosha. Kwa kuupunguza au kuukuza mtumbwi, mpaji huligeuza fumbo moja kuwa la mtoto au la mkubwa. Watu wa Rufiji, ambao hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 waliuvuka mto wao kwa mitumbwi na pantoni, wanajua vema kwamba mzigo hupimwa kwa chombo. Mwalimu anayempakia mwanafunzi mzigo wa mashua katika mtumbwi asishangae akizama.

Pili, asilitoe jibu kabla ya wakati. Anayeharakisha kulisema jibu amekitoa kitu na kukinyang'anya papo hapo. Kazi ya fumbo hufanyika katika kimya kilichoko kati ya swali na jibu. Anayekivunja kimya hicho kwa huruma amefanya dhuluma, ijapokuwa nia yake ni njema.

Tatu, asilitumie fumbo kumwaibisha mtu. Anayeuliza swali ili darasa limcheke asiyejua hakutega kitendawili, ametega mtego, kwa maana hakusubiri kuambiwa "Tega!" Pengine hapa ndipo lilipo shina la hofu tuliyoitaja mwanzoni. Kijana hakuanza kwa kuzichukia namba. Alianza kwa kuichukia aibu, na aibu hiyo ilikuja imevaa nguo za namba. Shule haiwezi kuacha kuuliza maswali, wala mtihani hauwezi kungoja hiari ya kila mtu. Lakini kabla ya mtihani kuna siku nyingi, na katika siku hizo mwalimu anaweza kuifufua desturi ya mji. Mwanafunzi aliyeshindwa na atoe mji, apokee jibu, na kesho yake apewe zamu ya kutega yeye. Atakuwa amejifunza kwamba kutokujua si fedheha. Fedheha ni kukaa nako.

Na mpewaji naye ana haki na wajibu. Haki yake ni kupewa muda, na kupewa jibu akilipa mji. Wajibu wake ni kutolifungia fumbo sandukuni. Kanga huchakaa na peremende huyeyuka, lakini fumbo ukimpa mwenzako hubaki nalo wewe pia. Kwa hiyo ni zawadi ambayo maskini anaweza kumpa tajiri, na mtoto anaweza kumpa babu yake, pasi na mmoja wao kupungukiwa. Taifa lisilo na fedha za kuwanunulia watoto wote vitu vya kuchezea vya madukani lina komwe za kutosha, na mchanga wa kutosha, na wazee wanaojua. Mcheza kwao hutunzwa.

Basi na sisi tusimalize bila kutimiza tunayoyahimiza. Katika biashara ya miti ya mikoko miti huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Mtu mmoja wa delta alikuwa na boriti zisizofika korija tano. Alipozipanga tatu tatu, ilibaki moja. Alipozipanga tano tano, zilibaki mbili. Alipozipanga saba saba, zilibaki tatu. Alikuwa na korija ngapi, na boriti ngapi juu yake? Jibu ni moja tu, nalo lapatikana kwa subira kabla ya kupatikana kwa kanuni. Hesabu ya jamii hii ilikwisha kuandikwa na Sunzi huko China zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Anayetaka tumwambie jibu, na atupe mji. Lakini asitupe Kibiti, maana huko tumekwisha kufika.